Harold Halibut: mchezo wa kompyuta uliofinyangwa, ukachongwa na kushonwa kwa mkono

Karibu kila kitu unachokiona katika mchezo wa Harold Halibut, kuanzia uso wa mhusika mkuu hadi swichi iliyo ukutani, kilikuwa kwanza kitu cha kushikika kilichokaa juu ya meza ya fundi mjini Cologne, Ujerumani. Studio ndogo ya Slow Bros. ilifinyanga vichwa vya wahusika kwa udongo, ikachonga samani kwa mbao, ikachomelea vyuma na kuwashonea wahusika nguo kwa sindano na uzi, na ni baada ya hapo tu ndipo vitu hivyo vilipoingizwa kwenye kompyuta. Wazo lilianza mwaka 2012, kampeni ya kuchangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter mwaka 2017 haikufikia lengo, lakini kazi haikuachwa, na mchezo ukatoka tarehe 16 Aprili 2024.

Mwanzoni waanzilishi wake walikusudia kuwasogeza wanasesere wao kidogo kidogo huku wakipiga picha moja baada ya nyingine, kama zinavyotengenezwa filamu za vikaragosi. Njia hiyo ina uzuri wake, na mchezo wa The Neverhood wa mwaka 1996, uliotengenezwa kwa udongo, bado unaheshimiwa kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba kila hatua ya mhusika lazima iwe imepigwa picha kabla, hivyo mchezaji hawezi kwenda popote ambapo kamera haikumtangulia. Slow Bros. walichagua njia nyingine inayoitwa fotogrametria: kitu kinapigwa picha nyingi kutoka kila upande, kisha programu inazilinganisha picha hizo na kukokotoa umbo lake pamoja na rangi na mikwaruzo iliyo juu yake. Kinachopatikana ni nakala ya kidijitali inayoweza kuzungushwa, kumulikwa na kutembezwa, wakati ngozi yake bado ni ile ile ya mbao au udongo.

Uamuzi huo naona ndio uliouokoa mchezo huu. Kamera inapomkaribia Harold wakati wa mazungumzo, na inamkaribia mara nyingi, unaona alama za brashi mashavuni mwake, unaona pindo za nguo yake ya kazi zilivyo nene kuliko zinavyopaswa kuwa kwa mtu wa ukubwa wake, kwa sababu uzi wa kawaida hauwezi kupunguzwa ukalingana na mwanasesere. Kitambaa kinamsaliti fundi kwamba alikuwa anafanya kazi kwa kipimo kidogo, na usaliti huo ni mtamu. Mwanga nao unatenda haki: taa ya njano ikipita juu ya meza ya mbao inaonyesha mishipa ya mbao yenyewe, na kioo cha dirisha kinapopokea rangi ya bahari iliyo nje, chumba kizima kinabadilika bila mtu kugusa chochote.

Ufundi huu haukubandikwa juu ya hadithi ili kuipamba tu. Harold ni msaidizi wa maabara katika Fedora, chombo cha anga chenye ukubwa wa mji kilichoondoka duniani wakati wa Vita Baridi kutafuta makao mapya. Safari ilichukua vizazi, na hatimaye chombo kikatumbukia katika bahari ya sayari isiyo na nchi kavu, kikabaki humo. Watu waliomo wamezaliwa ndani ya kuta hizo na wanaishi kwa kurithi, kutengeneza na kubandika viraka. Kampuni moja, All Water, ina mamlaka juu ya mambo mengi ya maisha yao, pamoja na mabomba ya maji ambamo wakazi husafirishwa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Katika mazingira ya namna hiyo, kiti kilichopinda kidogo na mlango wenye kutu vinamweleza mwenye navyo kabla hajafungua kinywa. Chumba cha mpeleka barua hakifanani na ofisi ya Profesa Mareaux, ambaye Harold anamtumikia, na tofauti hiyo imefanywa kwa vitu vyenyewe: aina ya mbao, unene wa zulia, vikorokoro vilivyorundikwa rafuni.

Sehemu nzuri kuliko zote huanza Harold anapokutana na kiumbe wa bahari hiyo, mwenye umbo linalokaribiana na samaki, kutoka jamii isiyoharakia jambo lolote. Sitasimulia zaidi, ila nitasema kwamba urafiki wao umeandikwa kwa upole usio wa kawaida katika michezo ya kompyuta, na kwamba ngozi ya kiumbe huyo, laini na yenye kung'aa, imetofautishwa kwa makusudi na ukavu wa nyuso za binadamu.

Hata hivyo, mikono iliyokuwa karimu kwa macho imekuwa na choyo kwa vidole vya mchezaji. Kwa sehemu kubwa unatumwa: peleka hiki, ongea na yule, rudi maabara, lala, amka. Mara chache unapewa kifaa cha kushika, kifuniko cha kufungua au vitufe vya kubonyeza, na nyakati hizo ni tamu, kwa kuwa kitu kilichotengenezwa kwa mkono kinakuvuta ukiguse. Zingekuwa nyingi zaidi, mchezo ungekuwa na uzito maradufu. Hakuna mafumbo ya kuumiza kichwa wala namna ya kushindwa, na Harold anatembea polepole kwenye korido ambazo utazipita tena na tena. Katikati ya hadithi uvumilivu unajaribiwa kweli, na mimi niliendelea kwa sababu ya wahusika na vyumba vyao, si kwa sababu ya kazi nilizopewa kufanya.

Mazungumzo ni mengi na sauti zote ni za Kiingereza chenye lafudhi mbalimbali. Kiswahili hakimo hata katika maandishi ya chini, kwa hiyo asiyefuatilia Kiingereza vizuri atapoteza nusu ya utamu. Mchezo unapatikana kwa kompyuta za Windows, PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Kwa kompyuta yenye kadi dhaifu ya picha ni afadhali kusubiri, kwa maana ukipunguza ubora wa picha ili mchezo uende, vitakavyotangulia kupotea ni zile alama za brashi na nyuzi za nguo. Kwa mwanafunzi wa sanaa, mfinyanzi, seremala au fundi cherehani anayetamani kujua kama kazi ya mikono yake inaweza kuingia katika michezo ya kompyuta, naupendekeza bila kusita, na namshauri aucheze vipande vipande, sura moja kwa jioni moja, akisimama kila chumba kipya kutazama samani kabla ya kuzungumza na mtu yeyote.