Fimbo za haiking za aluminiamu zenye loki ya klipu: kwa mlima mkali nazipa nyota tano

Kama unatembea tambarare hizi fimbo huzihitaji, niseme mapema. Mi nazitumia kwenye njia ya mlima ya mzunguko, yani unapandia upande huu unashukia upande mwingine mpaka unatokea palepale ulipoanzia, mwinuko mkali kwelikweli, na kuna vipande vya njia havina alama yoyote, hamna kibao hamna rangi kwenye mawe, unatembea kwa akili zako. Kwa njia ya hivyo siwezi tena kwenda bila fimbo.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni loki. Hizi zina vipande vitatu vinavyoingiana na kila kiungo kina klipu ya nje unayoibana kwa kidole gumba. Kuna zile za kunyonga, yani unazungusha kipande mpaka kinakaza, hizo kwa mteremko mkali siziamini kabisa, zikiingia maji au mchanga zinaanza kuteleza, na fimbo haitelezi ukiwa umesimama, inateleza pale ulipoiegemea na uzito wako wote. Klipu ikilegea ina skrubu ndogo pembeni, unaikaza kidogo basi. Zikague kabla hujaanza kushuka, sio ukiwa katikati ya mteremko.

Urefu nao watu wengi wanaupuuza. Sehemu ya tambarare kiwiko kiwe kimekunja nyuzi 90, kupanda punguza kama sm 5 mpaka 10, kushuka ongeza hivyohivyo, namba zimechorwa kwenye fimbo yenyewe. Alafu mkanda, ule wa pale kwenye mpini, mkono unaingia kutokea chini ndo unashika mpini pamoja na mkanda, hapo uzito unabebwa na mkanda na vidole havichoki. Ila kwenye mawe ambayo ukianguka unahitaji mikono iwe huru, vua mikanda kabisa.

Sasa kushuka, hapo ndo utajua kwa nini nazisifia hivi. Kupanda kunachosha pumzi lakini kushuka kunamaliza magoti, na kuna utafiti wa mwaka 1999 uliopima watu wakishuka mteremko wa nyuzi 25, ukakuta mzigo kwenye goti unapungua asilimia 12 hadi 25 wakitumia fimbo. Mwili unakubaliana na hizo namba, ukifika chini miguu haitetemeki, na kwenye kokoto zinazokimbia chini ya kiatu unakuwa na sehemu nne za kushika ardhi badala ya mbili.

Kwenye vile vipande visivyo na alama zina kazi nyingine ambayo sijaona ikiandikwa kwenye boksi. Nyasi zikifunika njia unatanguliza fimbo unapapasa, ncha ikigonga mwamba unasikia mlio mkali na mkono unahisi, ikigonga jiwe linalocheza unalijua kabla hujaweka mguu, pakiwa tope inazama yenyewe. Na ukiinama ukaangalia udongo utaona vitundu vidogo vya ncha za fimbo za waliopita, vinasaidia sana pale njia inapogawanyika na hujui ipi ndo yenyewe. Lakini usivifuate kwa upofu jamani, inawezekana aliyeviacha alikuwa amepotea, linganisha na ramani uliyoipakua kwenye simu kabla hujatoka, GPS inafanya kazi hata pasipo na mtandao.

Wanaouliza kaboni au aluminiamu, kaboni ni nyepesi na mikono inafurahi, ila ikibanwa kati ya mawe mawili inaweza kuvunjika ghafla bila taarifa, aluminiamu mara nyingi inapinda tu unamalizia nayo safari. Kwa njia ya mawe nachagua aluminiamu, gramu za ziada nazibeba kwa moyo mmoja.

Zinaposumbua ni pale unapopanda mwamba kwa mikono, hapo zifupishe mpaka mwisho, vika ncha zile kofia za mpira, zifunge kwenye begi, usining'inize mkononi zitakunasa. Mpini wa povu, ule laini kama sponji, pia unanyonya jasho, chukua wa koki, yani lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, kama mikono yako inalowa haraka.

Ukirudi nyumbani chomoa vipande vyote, futa mchanga, ziache zikauke zikiwa zimetenganishwa. Usipake mafuta kwenye viungo hata kidogo, loki haitashika.