Goti la mbwa wangu walilishona vizuri, kisha wakatutupa mlangoni

"Mama, mbwa ni mbwa. Akiumwa atajipumzisha mwenyewe."

Hilo ndilo jibu nililopewa na dada wa mapokezi ya kliniki ya mifugo siku ya kumchukua mbwa, nilipouliza kwa nini karatasi ya kuondokea imeandikwa maneno matatu tu: apumzike wiki sita. Miezi imepita na bado sentensi hiyo inanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwanza haki yao. Kano ya mbele ya goti ilikuwa imekatika kabisa. Wakafungua, wakasafisha mabaki, wakakagua menisko, ile mito miwili ya gegedu iliyoko kati ya mifupa, wakaondoa kipande kilichochanika, wakafunga uzi nje ya kiungo. Mshono ulinyooka, haukutoa usaha hata tone, na nyuzi za ngozi zilitolewa siku ya 12. Kwa kisu nawapa nyota tano.

Lakini huo uzi wa ndani ni kitu gani? Ni nailoni nene, ndugu ya mshipi wa kuvulia samaki. Huzungushwa kwenye kijifupa kilicho nyuma ya goti, ukapitishwa katika tundu lililotobolewa juu ya muundi, ukabanwa kwa vibano vya chuma. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele mbwa anapokanyaga. Na mshipi huchoka. Ukivutwa mara elfu utalegea, au utakatika, na hakuna daktari anayeutegemea udumu maisha yote. Kinachoshika goti miaka inayofuata ni kovu nene ambalo mwili wenyewe hulijenga kuzunguka kiungo, na kovu hilo huchukua wiki 8 hadi 12 kupata nguvu. Sasa rudi kwenye maneno ya yule dada. Mbwa wengi maumivu huwapungua sana kufikia wiki ya tatu. Wiki ya tatu kovu bado ni changa kabisa. Basi huyo anayejipumzisha mwenyewe ndiye atakayemwona paka juu ya ukuta siku ya 20, aruke, uzi uachie, na pesa zako ziende nao. Mbwa huambiwa na maumivu peke yake, na maumivu humdanganya mapema.

Halafu hizo wiki sita wamezitoa wapi, na "kupumzika" ndiko kufanya nini? Mbwa aliyefungiwa tu bila mazoezi hutoka na goti gumu na paja lililonyauka. Aliyeachiwa uani hukata uzi. Njia iko katikati na inahitaji karatasi nzima, siyo mstari mmoja.

Siku tatu za mwanzo ni barafu ndani ya taulo, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Katika wiki hiyo ya kwanza uvimbe hushuka mpaka kwenye kisigino, ukawa laini kama mfuko wa maji. Hakuna aliyenionya, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa usiku wa manane. Ni majimaji yanayoteremka kufuata uzito wake, yatakauka. Cha kukuogopesha ni joto, wekundu, mshono unaotoka maji, au mbwa aliyekuwa ameanza kukanyaga akaacha ghafla. Koni ya shingoni haivuliwi kwa huruma. Dakika kumi za kulamba zinatosha kufungua mshono.

Kanga ikunje iwe pana kama kiganja, ipitishe chini ya tumbo karibu na mapaja. Humbebi, unamzuia asianguke. Kwa dume angalia isimbane mkojo. Vigae ndio adui mkubwa wa nyumba zetu, na mkeka mtupu juu ya kigae ni mbaya kuliko kigae chenyewe kwa sababu unateleza pamoja naye. Weka vile vya mpira upande wa chini, punguza kucha, na nywele za katikati ya vidole zikate.

Kutembea ni dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, kamba fupi, kila wiki uongeze dakika 5 hivi kama hachechemei zaidi baada ya matembezi. Na polepole! Ukienda haraka atakunja mguu arukeruke kwa mitatu, nawe utadhani amefanya mazoezi. Mwendo wa kinyonga ndio unaomlazimisha kukanyaga. Ngazi hapana, kochi hapana, na kumfungua kamba kabla ya wiki ya 12 hapana.

Kukunja goti: mlaze ubavu, mguu mbovu juu, shika juu na chini ya goti, kunja taratibu mpaka akugeuzie kichwa au akaze msuli, hapo hapo ishia, nyoosha. Mara 10 hadi 15, vipindi vitatu kwa siku. Kuanzia kama wiki ya nne ongeza kukaa na kusimama, na mbwa awe ubavuni mwa ukuta kwa upande wa mguu mbovu, asipate nafasi ya kuutupa nje. Anza mara tano. Usipoweka ukuta atajifundisha kukaa vibaya, na tabia hiyo haimtoki.

Paja lipime kwa tepu ya fundi nguo, mahali palepale, mbwa amesimama, miguu yote miwili. Tofauti ikiwa inapungua mwezi hadi mwezi, mambo yanakwenda. Ikiwa inaongezeka, hatumii mguu, hata kama macho yako yanakuambia anatembea vizuri. Kliniki haikupima hata siku moja. Siku ya marudio daktari alimtazama akitoka mlangoni mpaka mezani. Hatua tano, nilizihesabu.

Kwa aliye pwani bahari ni dawa, lakini baada ya wiki ya nane na kidonda kiwe kimefunga. Chagua siku za maji mafu, mtembeze maji yakifika nyonga, kwa sababu hapo miguu hubeba kiasi cha theluthi moja hivi ya uzito. Mchanga mkavu uepuke, unazama na kulisokota goti. Mchanga mgumu uliolowa ndio wake. Umwoshe chumvi ukimaliza.

Dawa walinipa meloxicam, ya kutuliza maumivu na uvimbe, kwenye chupa isiyoandikwa uzito wa mbwa. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 32, baada ya siku ya kwanza, ni miligramu 3.2, yaani zaidi kidogo ya mililita 2 za dawa ya maji yenye miligramu 1.5 kwa mililita. Usiongeze Panadol, ibuprofeni wala diklofenaki ya binadamu, na mtu akitaka kumchoma deksamethasoni, ambayo ni steroidi, juu yake, mzuie sindano ikiwa bado hewani: tumbo hutoboka. Chakula punguza kama robo wakati amefungiwa. Ugali wa sinia nzima kwa mbwa asiyetembea ni kilo mbili za ziada juu ya goti lililoshonwa.

Nilipoanza kuandika niliweka nyota nne. Nikashusha mbili nilipofika kwenye zile hatua tano. Labda yule dada alikuwa amechoka, labda alikuwa na zamu ya pili. Hapana. Mtu aliyechoka husema "subiri daktari aje". Nyota mbili zibaki. Na pia hawakunieleza kwamba kwa mbwa mzito wengi hupendelea upasuaji mwingine, ule wa kukata kichwa cha muundi kwa msumeno wa mviringo, kukizungusha na kukifunga kwa bamba na skrubu, uliobuniwa na Barclay Slocum huko Marekani. Huenda ningechagua uzi vilevile, kwa sababu ya bei. Lakini ningechagua mimi.

Ila leo anakimbia. Asubuhi za mvua huamka mguu umekakamaa, hunyooka baada ya dakika kumi, na goti likifunguliwa mara moja ugonjwa wa viungo huja tu, hilo siwalaumu. Anakimbia, anageuka ghafla, mguu unashika.

Tangu wiki iliyopita ameanza kukaa na mguu wa pili umetupwa pembeni. Anayejua anajua: mbwa aliyekatika kano mguu mmoja, karibu nusu yao hukatika na wa pili. Nimepiga simu kuulizia bei. Kwao, ndiyo. Mikono ile sijaiona kwingine. Nyota tatu, na karatasi ya kuondokea nitaiandika mwenyewe.