TAHADHARI: Mizani ya dhahabu na jiwe la uongo. Nimepigwa Mwanza, msipigwe na nyie

Ndugu zangu, naandika hii mikono ikinitetemeka. Nimekaa kimya siku tatu kwa aibu. Leo asubuhi nikasikia kuna mama wa Lwamgasa anajiandaa kwenda Mwanza kununua mizani kwa muuzaji huyohuyo aliyenitapeli mimi. Nikasema hapana. Aibu ni yangu nitaibeba, lakini hela ya mwenzangu isiende tena kule.

Sisi ni kikundi cha watu sita tunaochimba dhahabu. Yale ya Februari kwenye duara letu, yaani shimo letu, tuliposhukiana juu ya uzito wa mzigo, mnayajua, sirudii. Mnajua pia kwa nini tulikubaliana kikundi kiwe na mizani yake, tupime hapahapa Nyarugusu kila mtu akiona, tuandike kwenye daftari, ndipo mzigo uende soko la dhahabu Geita. Mtunza hazina ni mimi, kwa hiyo nikatumwa mimi. Sh 420,000. Jasho la watu sita hilo.

Nataka mjue kwamba sikwenda kichwakichwa. Huyu muuzaji nilielekezwa na kijana wa plant ya kuchenjulia dhahabu ambaye sote tunamwamini, na hata sasa simlaumu, naye alidanganywa. Nikapanda gari alfajiri, nikavuka daraja la Busisi, saa nne nilikuwa dukani. Duka safi, makabati ya vioo, mizani zimepangwa kuanzia za nyanya mpaka za maabara. Mtu mzima, mvi kichwani, shati jeupe. "Karibu dada yangu, umetoka mbali, kaa kwanza unywe maji." Hakunikimbiza hata kidogo. Tapeli ninayemjua mimi ana haraka, huyu hakuwa nayo.

Kabla hajagusa mizani alinyanyuka akazima feni. Akasema upepo wa feni peke yake unaweza kukuchezea pointi mbili tatu (pointi kumi ni gramu moja). Nikajua anasema kweli, maana mizani za sokoni Geita zimefunikwa kwa kiboksi cha kioo kwa sababu hiyohiyo. Akazungusha vile vimiguu mpaka kipovu kikakaa katikati. Akaiwasha, akasema tuiache ipate moto. Dakika kama 10 tukawa tunaongea bei ya gramu na mvua ilivyofukia maduara. Kisha akatoa jiwe la mizani, kile kipande cha chuma cha kupimia, la gramu 100, linang'aa, akalishika kwa kibano, siyo kwa vidole, akasema jasho la mkono nalo lina uzito. Akaliweka. 100.00. Akalitoa, ikarudi 0.00. Akaliweka tena, 100.00.

Akaniuliza, "Una kitu chochote unachokijua uzito wake?" Nikavua pete. Ni pete ya marehemu mama, mwaka jana niliipima sokoni ikaja gramu 4.12, sijasahau. Akaiweka. 4.12. Jamani, pete ya mama yangu ilisema ukweli juu ya ile mizani. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Halafu akabonyeza kitufe cha vipimo, zikapita gramu, karati, wakia, ikasimama kwenye herufi mbili, gn. Akasema, "Hii ni grein, gramu moja ni grein 15.43. Mizani hizi Wamarekani wanapimia baruti wanapojaza risasi zao wenyewe nyumbani kwa ajili ya kuwinda. Akizidisha baruti kidogo bunduki inampasukia usoni. Unadhani mtu wa namna hiyo atauziwa mizani ya uongo?" Hapo ndipo aliponimaliza. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mwanangu wa sekondari akatafuta kwenye simu, na kweli grein ipo, na kweli kuna watu wanajaza risasi wenyewe na kupima baruti kwa mizani. Kila neno alilosema lilikuwa kweli! Ndiyo maana nina hasira kiasi hiki. Alitumia ukweli mtupu kuniuzia uongo.

Sasa sikilizeni alipofanyia. Nilipotoa hela akasema, "Hii ya mezani ni ya maonyesho, imeshikwashikwa, ina mikwaruzo. Wewe ni mteja wa heshima, nikupe mpya." Akaingia stoo, akatoka na sanduku limefungwa kwa nailoni. Juu ya sanduku picha ileile. Pembeni tayari imebandikwa stika, akasema ni ya Wakala wa Vipimo, imeshahakikiwa, usihangaike tena. Nikasema naomba tuiwashe. Akacheka vizuri tu, akasema tukichana nailoni hapa vumbi la barabarani litaingia kwenye kiini chake, ukifika utaifungua mahali pasafi, na jiwe la gramu 100 limo ndani, ukiliweka na kubonyeza CAL itajirekebisha yenyewe. Nikakubali. Mimi, niliyewakatia simu watu wangapi waliotaka kunitapeli, nikakubali.

Nyumbani nilifanya kama alivyosema. Meza imara, hakuna upepo, jiwe, CAL, 100.00. Tukapiga makofi. Pete ilikuwa kidoleni. Sikuivua. Kila nikifika hapa nashindwa kuendelea.

Wiki iliyofuata tukachoma dhahabu yetu. Tukapima watu wote sita tukiwa tumeizunguka meza: 62.40. Tukaandika, tukasaini. Mzigo nikaubeba mimi na mwenyekiti mpaka Geita. Sokoni ikaja 59.90. Wakairudia mara tatu, 59.90. Na hapo haijayeyushwa, msije mkasema ni uchafu umetoka. Gramu 2.50. Pointi 25 zimepotea kati ya Nyarugusu na Geita, na mfuko ulikuwa kifuani kwangu njia nzima.

Mwenyekiti hakusema neno. Aliniangalia tu, akaangalia chini. Baada ya yale ya Februari, mnaelewa lile jicho lilimaanisha nini. Nimefanya kazi na watu hawa miaka saba. Usiku ule shemeji yangu, ambaye ni mmoja wa sita, alimuuliza mume wangu kama nina shida yoyote ya hela.

Ndipo nikaibeba mizani na kila kitu chake mpaka kwa watu wa Vipimo. Afisa akachukua jiwe lake la gramu 100, akaliweka kwenye mizani yetu. 104.17. Akachukua jiwe letu, akaliweka kwenye mizani yake. 96.00. Akanieleza taratibu kama mtoto. Mizani haina akili ya kujua gramu, inaamini jiwe ulilolipa siku ya kuirekebisha. Ukiipa gramu 96 ukaiambia hizi ni 100, kuanzia hapo kila kitu itakizidisha, na ukiijaribu kwa jiwe hilohilo itakuonyesha 100.00 mpaka mwisho wa dunia. Akakwaruza jiwe kwa ncha ya ufunguo, ule mng'ao ukatoka kama rangi ya kucha, chini chuma cheusi. Stika akaisoma namba, akasema hii siyo ya mizani hii. Imebanduliwa kwingine.

Nikampigia yule mzee. Mara ya kwanza akasema ni betri. Mara ya pili akasema, "Nani mwenzangu?" Mara ya tatu simu haiiti tena.

Nani mwenzangu! Mtu aliyenipa maji ya kunywa!

Namtaka afungwe. Sitaki hela tu, nataka afungiwe duka na avuliwe leseni, na Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Stika ya serikali siyo urembo wa kubandika kwenye takataka. Fikirieni ni vikundi vingapi vimegombana, ni watunza hazina wangapi wameitwa wezi, ndoa ngapi zimetikisika, kwa sababu ya kipande cha chuma kilichopakwa rangi. Jina lake na duka sitaji hapa kwa sababu afisa ameniomba nisimshtue kabla, ila walio kwenye kikundi wameshaambiwa, na anayetaka kununua aniulize.

Mnaoniuliza dalili, zilikuwepo, nilikuwa sizioni. Hakunipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, aliandika kwa mkono kwenye kikaratasi. Hela ilienda kwenye namba ya simu ya mtu, siyo lipa namba ya duka. Ilipimwa moja nikapewa nyingine, hilo ndilo kubwa kuliko yote: ile uliyoiona ikipima ndiyo uondoke nayo, hata iwe na mikwaruzo mia. Jiwe lililokuja ndani ya sanduku lisiwe ndilo hakimu, tafuta jiwe la watu wengine. Na nyumbani kuna siku nilikuwa nadondoshea vumbi kidogokidogo kwa kijiko, mizani ikakaa 0.00 haisogei, nikinyanyua kibakuli na kukirudisha inaruka ghafla. Afisa anasema mizani nyingi za bei rahisi ndivyo zilivyo, kitu kinachoongezeka polepole zinakifuta zikidhani ni sifuri imehama. Siku ile ningeuliza mtu. Lakini yule mzee muuzaji angesomeshwa kwa viboko ndipo ajue thamani ya pointi moja ambayo watu wanaifuata mita arobaini chini ya ardhi!

Kingine kuhusu vitufe: hakikisha imeandika g. Ikiwa kwenye gn (grein) au ct (karati) namba inapaa na mtu anaweza kukufurahisha bure.

Mizani iko kwa watu wa Vipimo kama ushahidi. Pete nimeipima kwenye ile mizani mbele ya mwenyekiti kabla haijachukuliwa, ikaja 4.29. Mwenyekiti akaniomba msamaha palepale. Shemeji bado.

Jumatatu alfajiri tunakwenda Mwanza, mimi na mwenyekiti, na barua ya afisa. Aliyewahi kununua kwake, iwe Geita, Kahama au Chunya, anitafute kabla ya hapo, aje na mizani na lile jiwe likiwa ndani ya sanduku lake. Usilikwaruze, na stika usiibandue.