Sevisi ya mashine ya boti Tanga: waliiwasha nchi kavu, kisha wakasingizia mchanga wa Pangani

Nyota moja. Ningeruhusiwa kuacha patupu ningeacha, ingawa kuna saa moja katikati ya habari hii nilikuwa tayari kuwapa nne, mtaona wenyewe. Karakana siitaji jina. Tanga ni mji wa kujuana na spea bado nitazihitaji. Wenye boti wa kule watakuwa wameshaitambua kabla hawajafika nusu.

Boti yangu ni faiba kuukuu, imepita mikono kadhaa kabla ya kufika kwangu Pangani, na nyuma imefungwa Yamaha Enduro ya nguvu farasi arobaini. Mashine hiyo sina haja ya kuieleza, wavuvi wa pwani wanaijua kuliko wanavyowajua wakwe zao. Mashine haina neno. Mwenye neno ni fundi.

Niliipeleka ikafanyiwe "sevisi kamili". Ndivyo risiti inavyosema, ninayo hadi leo, sevisi kamili, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Ilikuwa mwaka jana, kusi, ule upepo wa kusini, likianza kushika, na kutoka Pangani hadi Tanga mjini ni kama kilomita 50, kwa hiyo si jambo la kwenda na kurudi kila ukijisikia. Nikawaachia, nikalipa nusu, nikaondoka na roho nyeupe.

Siku ya kuichukua nikaikuta juu ya stendi ya mbao, imeoshwa inang'aa mpaka nikajisikia vibaya kwa jinsi nilivyoileta. Fundi, kijana mwenye miwani ya jua kichwani, akaniita, "Bosi, njoo usikie kazi." Akavuta kamba mara moja, ikawaka. Hapo hapo, nchi kavu. Hakuna pipa la maji, hakuna mpira wa bomba, mguu wa mashine unaning'inia hewani. Nikamuuliza, "Na maji je?" Akajibu, "Sekunde tu hizi bosi, haina shida," halafu akaivuta mafuta, akaiachia, akaivuta tena, akanitazama anione nimefurahi. Wenzake wakasogea kusikiliza. Mmoja akatoa simu akarekodi. Sijui ile video iko wapi leo, lakini ningependa sana kuiona mahakamani.

Kwa ambao mmenunua boti juzi na hamwelewi kwa nini mtu apandwe na mori kwa kitu kidogo hivyo: ndani ya ule mguu, juu ya propela, kuna pampu ya maji, na ndani ya pampu kuna impela, kijigurudumu cha mpira chenye mabawa. Kinavuta maji ya bahari kuyapandisha yakapoze silinda. Kinacholainisha mpira huo ni maji yenyewe. Ukiwasha kukiwa kukavu, mabawa yanajisugua kwenye ukuta wa pampu, yanaungua, yanakakamaa, baadaye yanakatika. Haihitaji hata dakika, na ukiikanyagia moto ndiyo unaimaliza kabisa. Mtu akitaka kuisikia nyumbani atumbukize mguu kwenye pipa mpaka matundu ya kuvutia maji yazame, au avishe vile vikombe vya mpira vinavyobana matundu na kuunganishwa na bomba. Pipa lilikuwepo pale karakana! Nililiona. Walikuwa wamelitia vyuma chakavu.

Haya. Dada yangu na shemeji wakaja na watoto, wakataka Maziwe. Wasiopajua, ni fungu la mchanga baharini mbele ya Pangani, zamani lilikuwa na miti, siku hizi maji yakijaa linafunikwa lote, kwa hiyo unakwenda na maji ya kupwa na huna uhuru wa kuzubaa. Kwenda, raha tupu. Mashine ilikojoa vizuri, mshipa wa maji mnene, vuguvugu ukiukinga kwa kiganja, hivyo ndivyo unavyotakiwa.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Tulichelewa kidogo, maji ya mto yakawa bado yanatoka kwa nguvu na kusi linayapiga usoni. Mlango wa mto Pangani una mafungu ya mchanga, na saa kama hiyo mawimbi husimama wima, mafupi, yamebanana. Hapo ndipo unapotaka mashine isikuache. Mtoto wa dada aliyekaa nyuma ndiye aliyeona kwanza. "Mjomba, mbona inatoa moshi?" Nikageuka. Mshipa wa maji umekuwa matone, na matone yenyewe ni mvuke.

Babu ninayeingia naye baharini, mtu wa Bweni ng'ambo ya mto, hakupandisha sauti. Alisema, "Zima," akawa ameshaishika nanga.

Nanga tuliitia omoni, yaani mbele ya boti, na hili nalisema kwa sababu nimeona wageni wa boti wakiitupa nyuma kwa kuwa ndipo walipokaa. Ukifunga nanga nyuma, boti inayapa mawimbi upande ulio mfupi na uliobeba mashine, na maji yanaingia mzima mzima. Omo ndiyo iliyoumbwa kupokea wimbi. Kamba uiachie ndefu, usiibane, la sivyo nanga inanyanyuka tu na kuburuta.

Kwanza tulichokoa kile kitundu cha maji kwa kipande cha waya, maana mara nyingine ni mchanga au tope la nyigu limeziba na pampu haina kosa lolote. Hakukuwa na kitu. Basi tukakaa, watoto na jaketi okozi zao, dada anasoma kila dua anayoijua, shemeji anatapika kwa heshima upande wa chini ya upepo. Ikapita mashua ya wavuvi wenye mashine, wakatuvuta hadi ndani. Hawakutaka hela. Walichukua petroli kidogo na soda za watoto.

Jioni ile ile mimi na babu tukaufungua mguu. Na hapa ndipo damu ilipochemka, kwa sababu nati hazikuwa zimeguswa. Rangi ya zamani imezifunika haijavunjika hata kwa spana moja, chumvi imeganda pembeni. Sevisi kamili! Hawakuufungua mguu hata kidogo! Impela ilipotoka ilikuwa nusu yake. Mabawa yaliyobaki yameng'aa weusi ule wa mpira uliopata moto, ukilipinda bawa kwa kidole halirudi, linabaki limeinama. Vipande vilivyokatika tulivitoa kwenye bomba la kupandishia maji kimoja kimoja kwa koleo, maana ukifunga impela mpya ukaviacha humo, utaziba njia na kuua mashine ukiwa na pampu nzuri.

Nikaifunga ile impela kwenye gazeti, asubuhi nikaenda Tanga.

Kaunta alikuwa yule yule wa miwani, anakula chapati. Nikamsalimu, akaitikia kwa kidevu. Nikafungua gazeti juu ya kaunta. Akaitazama bila kuacha kutafuna, akasema, "Nyinyi wa Pangani tatizo lenu mchanga wa mto. Mzee, hiyo si sisi." Siku ya kulipa nilikuwa bosi, siku ya kulalamika nikawa mzee.

Sasa, nimtendee haki. Mchanga unakula impela, hilo ni kweli, na mto wetu una tope jingi. Mtu wa mto anatakiwa kuibadilisha mapema kuliko mtu wa maji safi, na asipite penye kina kifupi mguu ukiwa umezama wote na kuchimba chini. Lakini mchanga unachora. Unaacha mikwaruzo, unapunguza bawa taratibu kutoka ncha. Haukaangi mpira! Nilimwonyesha kwa kidole, hapa mkwaruzo uko wapi? Akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Ukinunua mkweche usitegemee miujiza." Akaongeza redio.

Nilipaza sauti. Sijuti. Watu walitoka duka la jirani.

Akatoka pia, kutoka chumba cha nyuma, mzee mmoja aliyevaa kofia ya mkono na ovaroli iliyokuwa bluu zamani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaichukua impela, akaipinda mara moja tu kwa kidole gumba. Akamuuliza yule kijana, "Mliiwashia wapi?" Kijana akawa hana jibu. Mzee hakumgombeza mbele yangu wala hakuniomba radhi. Alisema tu, "Ilete mashine, mwanangu."

Nilipoileta alifanya kazi yote mwenyewe na mimi nimesimama pale, na kila alichokitoa alinipa mkononi. Hii ndiyo saa niliyotaka kutoa nyota nne. Alifungua propela, akatoa mshipi wa kuvulia uliojiviringisha kwenye shafti nyuma yake, umeyeyuka nusu, umeanza kuikata sili. Akasema huo ndio unaoingiza maji kwenye gia bila mtu kujua, na mtu akiwa na boti ya kununua mkononi aanze na hapo, avue propela aangalie. Kisha akamwaga oili ya gia kwenye kopo, ikatoka nyeupe-nyeupe, yaani maji yalishaingia. Akabadilisha sili. Oili mpya akaisukuma kutoka tundu la chini mpaka ikafurika ya juu, akafunga la juu kwanza ndipo akalichomoa bomba na kufunga la chini, ili isimwagike na hewa isibaki ndani.

Impela mpya aliipaka grisi, akawa anazungusha shafti kufuata saa huku anaishusha nyumba ya pampu, mabawa yakalala upande unaotakiwa. Alifanya polepole makusudi nione. Nati zote akazitia grisi kabla ya kuzirudisha, kwa sababu chumvi ikishaziganda, mtu wa baadaye atazikata badala ya kuzifungua. Zinki za mguuni zilikuwa zimepakwa rangi na mwenye boti wa kwanza. Akazikwangua huku anasonya, maana zinki iliyopakwa rangi hailiwi, na isipoliwa yenyewe kinaliwa chuma cha mashine.

Akaniuliza kama nimewahi kuipima boti yenyewe nyuma. Akanielekeza niinue mashine, niuning'inie mguu wake kwa uzito wangu, mwenzangu atazame ule ubao wa nyuma: ukinyumbuka, mbao iliyo ndani ya faiba imeoza na mashine siku moja itakwenda nayo chini. Wangu haukunyumbuka, alhamdulillahi. Mafuta alisema machache: petroli lita 50, oili lita moja, na oili iwe ya boti, TC-W3, si ile ya kijiweni ya bodaboda. Ukizidisha oili ukidhani unaihurumia, unachafua plagi. Na ukirudi kutoka baharini, isuuze kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, halafu chomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inaunguruma na inavuta hayo maji ya bomba, iache izimike yenyewe, ili kabureta ibaki tupu.

Mwishoni aliiwasha. Kwenye pipa. Vyuma chakavu vilikuwa vimeshamwagwa chini.

Nikatoka pale nimelainika kabisa, nikawa najiambia kila karakana ina kijana mmoja mpumbavu, isihukumiwe kwa huyo. Nikafika kaunta kulipa spea. Kijana akanisogezea risiti. Impela, sawa. Sili, sawa. Oili, sawa. Halafu mstari wa nne, kwa mwandiko ule ule mzuri: "Kufungua mguu."

Wananitoza kuufungua mguu ambao walishalipwa kuufungua wakaacha!

Nikamwuliza. Akasema ndio utaratibu. Nikageuka kumtafuta mzee, ameshakwenda kuswali. Nililipa, kwa sababu gari lilikuwa linanisubiri na mashine imeshapakiwa, na yule kijana alilijua hilo.

Kwa hiyo nyota moja. Spea zao ni orijino, hilo nakubali, na bei haitofautiani sana na ya Dar ukiondoa nauli. Mashine tangu siku ile imepiga msimu mzima wa upepo wa kaskazi bila kukohoa, na hiyo ni kazi ya mkono wa mzee, kwa hiyo labda mbili. Hapana, moja. Ukipeleka mashine yako, usikubali neno "kamili" kwenye risiti, mwambie aandike kifaa kwa kifaa, na udai cha zamani ukishike mkononi kabla hujatoa hela.

Mzee nasikia huwa anakuja asubuhi tu, jua likiwa bado halijakaza. Ukimkuta, mpe mashine ukae uangalie. Ukimkuta wa miwani, nunua impela yako, hesabu chenji, ondoka.