Mafundi wa bomba za gesi ya hita hapa Dodoma: kufunga wanajua, sevisi sasa...

Wenye gesti Dodoma mnajua Juni na Julai inavyokuwaga, mgeni katoka Dar na kishati chepesi, alfajiri akikutana na maji ya baridi hilo ndo neno lake la kwanza akirudisha funguo. Sisi tupo Ilazo, vyumba vichache tu, zile hita za umeme za kwenye shawa tumezitoa maana zikiwashwa kadhaa kwa mpigo breka inaruka na Luku haikai. Tukaamua gesi. Usichanganye na gesi asilia ya bomba kama wanayotumia baadhi ya watu Dar na Mtwara, huku kwetu ni mitungi tu, kwahiyo bomba linaanzia kwenye mtungi wako nje mpaka kwenye hita.

Kampuni siitaji jina maana nina ya kuwasifia na ya kuwalaumu.

Kwenye kufunga jamaa wako vizuri aisee. Kwanza walikataa mtungi mmoja wa kilo 15 kulisha hita zote, wakasema hita nyingi zikivuta kwa pamoja mtungi unapoa mpaka unatoa jasho na presha inashuka, bora miwili ya kilo 38 imeunganishwa inapishana. Kibanda wakataka kiwe nje, kina matundu chini sio juu, kwa sababu hii gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Mama mwenye nyumba alitaka kikae karibu na mfuniko wa chemba ili kisionekane barabarani, fundi mkubwa akamwambia mama hapo hapana, gesi ikiingia kwenye chemba itatokea usikokujua. Hita nazo hawakuweka bafuni, zimekaa ukuta wa nje chini ya kibaraza, kwa sababu gesi yenyewe imetiwa harufu ili ikivuja ujue ila kaboni monoksidi inayotoka kwenye moto usioungua vizuri haina harufu wala rangi, mtu anasinzia bafuni na ndo imetoka hiyo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kupima kabla ya kufukia. Walitumia bomba za kopa, maungio yamechomwa kwa moto mkali sio risasi ile laini ya kulehemu, wakafunga koki zote, wakajaza upepo, geji ya presha wakaiwekea alama ya maka pen pale mshale uliposimama halafu wakaenda zao kula. Kurudi mshale umeteremka kidoogo, ungeambiwa ni macho yako. Kijana akasema hiyo ni baridi tu bosi. Mkubwa akamjibu "mdogo wangu lete sabuni". Wakapaka povu ungio moja baada ya jingine mpaka nyuma ya chumba cha kufulia, hapo povu likaanza kuvimba taratibu. Hakukaza wala kuzungushia tefloni juu kwa juu, alikata akaunga upya na kupima ikaanza moja. Mafundi wangapi wa mtaani watafanya hivyo? Wengi wanawasha kiberiti, Mungu atuepushie.

Bei iko juu na plasta walituachia mashimo, hilo nimewasamehe.

Sasa sevisi. Walituahidi kurudi kukagua, simu zikawa hazipokelewi, ukipokelewa "tunakuja kesho mkuu". Hita moja ikaanza kuwaka moto wa njano na masizi juu, walipokuja hatimaye hata kifuniko hawakufungua wakasema hii imekufa nunueni nyingine, na wao wanauza. Tukaizima tukaita fundi mwingine wa Nkuhungu, akafungua bena, pale moto unapowakia, akakuta vumbi letu hili la Dodoma limejaa na utando wa buibui ndani, brashi na upepo tu, moto ukarudi wa bluu. Akaangalia na koili, lile bomba la kupashia maji ndani ya hita, chumvi ya maji ya kisima ishaanza kuganda akaisafisha kwa asidi ya limao. Hita iko kazini mpaka leo!

Na kingine mafundi hawakusema, hita hizi zinajiwasha maji yakipita kwa nguvu, siku ya mgao maji yakichuruzika haiwaki kabisa na mgeni anadhani gesi imeisha. Kabla ya kulaumu gesi angalia presha ya tenki la maji na zile betri kubwa mbili za hita zinazotoa cheche ya kuwasha.

Kufunga nawapa nane kwa kumi, sevisi mbili na hizo ni za huruma. Ukiwaita mlipe kiasi kilichobaki baada ya kuona geji kwa macho yako, na muulize mpira wa kutoka mtungini ni wa gesi kweli, una tarehe imechapwa ubavuni, maana kuna wanaofunga ule wa maji na kwa jua la hapa unapasuka mapema tu.