Tathmini ya matangazo: matembezi ya mita 10,000 ya vijana, Kasarani 2021

Mshindani wa matembezi ya kasi huhukumiwa kwa miguu yake, na ndiyo maana matangazo ya mchezo huu hayana budi kupimwa kwanza kwa kuangalia kama yanamwonyesha mtazamaji miguu hiyo. Nimeitazama tena fainali ya wanaume ya mita 10,000 katika Mashindano ya Riadha ya Dunia ya walio chini ya umri wa miaka 20, iliyofanyika katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, Agosti 2021, kama ilivyorushwa na kituo kimoja cha televisheni ambacho sina haja ya kukitaja. Shindano lenyewe nalipa nyota tano bila kusita, lakini matangazo hayo hayastahili zaidi ya tatu.

Nianze na shindano. Mita 10,000 uwanjani ni mizunguko 25, na kwa sehemu kubwa ya mizunguko hiyo Amit Khatri wa India ndiye aliyeongoza. Heristone Wanyonyi wa Kenya hakumwacha atoroke, wala hakuharakisha kumpita. Alisubiri hadi mizunguko ya mwisho kabisa ndipo akachukua uongozi, akamaliza kwa dakika 42 na sekunde 10.84. Khatri alifika akitumia dakika 42 na sekunde 17.94, naye Paul McGrath wa Uhispania akatwaa shaba kwa dakika 42 na sekunde 26.11. Ukikokotoa utaona kwamba Wanyonyi alitembea kila mzunguko kwa wastani wa sekunde 101 hivi, tena katika jiji lililo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako mgeni kutoka nyanda za chini huanza kuhema mapema. Kwa nchi ambayo dunia inaijua kwa wakimbiaji wake, dhahabu ya matembezi katika ngazi ya vijana lilikuwa jambo geni, ingawa njia ilikwisha kufunguliwa: Samuel Gathimba alikuwa amepata shaba ya kilomita 20 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2018 kule Gold Coast.

Sasa nije kwenye matangazo. Kanuni za mchezo huu ni mbili tu. Ya kwanza inadai kwamba mguu mmoja uwe umegusa ardhi wakati wote, kwa kadiri jicho la binadamu linavyoweza kuona. Ya pili inadai kwamba mguu unaotangulia uwe umenyooka gotini tangu unapogusa ardhi hadi mwili unapokuwa wima juu yake. Kamera inayowekwa chini, kando ya mkondo, huyafanya haya yote yaonekane: kisigino kinatua kwanza huku vidole vikielekea juu, goti halikunjiki, na nyonga inashuka na kupanda kwa namna ambayo asiyejua huidhani ni madoido, kumbe ndiyo inayorefusha hatua. Kituo nilichokifuata kilituonyesha vifua na nyuso karibu muda wote. Nyuso zilikuwa na hadithi yake, sikatai, lakini mwamuzi hatoi kadi kwa sababu ya uso.

Kasoro iliyoniuma zaidi ni ukimya kuhusu waamuzi. Mwamuzi humwinulia mwanariadha kibao cha njano anapoona yuko hatarini kukosea, chenye alama ya wimbi kwa kupoteza mguso, au alama ya pembe kwa goti lililokunjika. Akiona kosa dhahiri hupeleka kadi nyekundu kwa mwamuzi mkuu, na kadi hizo huandikwa kwenye ubao ulio kando ya uwanja ili washindani wajue hali yao. Mwamuzi mmoja hawezi kumpa mshindani yuleyule kadi mbili. Palipowekwa eneo la adhabu, kadi tatu humsimamisha mshindani wa mita 10,000 kwa dakika moja nzima, na ya nne humwondoa. Linganisha dakika hiyo na pengo la sekunde saba lililowatenganisha Wanyonyi na Khatri, utaelewa kwa nini ubao ule una uzito sawa na saa. Mtangazaji hakuutaja hata alipokuwa akihesabu mizunguko iliyosalia, na hivyo mtazamaji mpya alibaki akiona vijana wanaotembea kwa kasi, bila kujua kwamba kila mmoja wao anapigia hesabu nafasi yake ya kukosea.

Walipostahili sifa ni katika mizunguko ya mwisho, ambapo kamera iliwafuata viongozi bila kukatiza kwa matangazo ya biashara wala kuhamia kwenye michezo ya kuruka na kurusha, kama inavyofanyika mara nyingi mbio zinapokuwa ndefu. Viti vya Kasarani vilikuwa vitupu kwa sababu ya masharti ya korona, na uamuzi wa kutobandika kelele za bandia ulikuwa wa busara.

Ninaipendekeza rekodi hii kwa makocha wa shule na kwa kijana yeyote anayefikiria mchezo huu, mradi aitazame akiwa amezisoma kanuni kwanza. Amfuatilie pia yule wa tatu: McGrath alirudi mwaka 2024 akatwaa fedha ya kilomita 20 katika mashindano ya Ulaya mjini Rome, na mwendo wake wa Kasarani tayari ulikuwa na utulivu wa mtu ambaye angefika huko.