Seti ya klachi ya kuhamia giaboksi ya manyuali: chuma safi, karatasi ya hovyo

Nyota mbili, na moja ni ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, peke yake.

Boksi limeandikwa "seti kamili ya kutoa otomatiki na kuweka manyuali". Kamili! Ndani kuna flaiwili, pleti ya klachi, presha pleti, beringi ndogo ya kwenye tundu la krenki, bolti, na beringi ya klachi ya kusukumwa na mafuta, ile inayokaa ikizunguka shafti ya giaboksi. Hakuna shimu, yaani kipande cha chuma cha kujazia nafasi, hata moja ya kuweka nyuma ya beringi hiyo, na karatasi ya maelekezo haitaji neno "pima" popote. Kwa sababu hiyo tu giaboksi imeshushwa mara mbili.

Beringi ya aina hii haina uma wala kebo ya kurekebisha. Ukishaifunga, umeifunga. Ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, kati ya uso wake na vidole vya presha pleti, zile springi za katikati ambazo beringi inazisukuma, inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 4 hadi 5 hivi. Ikipungua, pleti inapolika vidole vinarudi upande wa giaboksi, vinaikuta beringi haina tena pa kwenda, na klachi inaanza kuteleza. Ikizidi, pistoni ya beringi inalazimika kutoka mbali kuvifuata vidole, na safari ya pistoni ina mwisho.

Kwenye seti hii nafasi ilikuwa milimita 13. Kumi na tatu, jamani.

Kupima kwenyewe si kazi. Flaiwili na klachi zikiwa zimeshakazwa kwenye injini, pima kutoka uso wa injini unaokutana na giaboksi hadi ncha za vidole: hapa ilikuja 48. Kwenye giaboksi, sukuma beringi irudi mpaka mwisho, laza rula juu ya mdomo wa ganda la giaboksi, shuka na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, hadi uso wa beringi: 61. Toa 48. Basi. Mstari mmoja kwenye karatasi ungetosha, lakini nafasi hiyo wameijaza picha ya boksi lao.

Sasa njoo upande wa pedali. Masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) wanayoishauri wao wenyewe ina kipenyo cha milimita 19.05, na ikisafiri milimita 30 inasukuma mafuta kama mililita 8.5. Pistoni ya beringi ina eneo la sentimita 8 za mraba, kwa hiyo kila ukikanyaga inasogea karibu milimita 10.7. Ongeza zile 13 za mwanzo, unapata 23.7. Mwisho wa pistoni ni 18! Pedali ilikuwa inakanyagwa kutoa hewa; hewa ilipokaribia kuisha kwenye paipu ikaanza kuwa ngumu, ikakanyagwa mara moja zaidi, ikazama hadi sakafuni, na mafuta ya breki yakachuruzika chini ya ganda. Pistoni ilikuwa imechomoka, oringi, mpira wake wa kuzuia mafuta, imekatika.

Pleti iliyolowa mafuta ya breki haina dawa. Wapo watakaokwambia uioshe na petroli au uichome moto. Gari litaondoka kwa kutetemeka na utarudi pale pale. Nunua nyingine.

Jibu la muuzaji? "Ndugu mteja, kifaa hakina tatizo, tafuta fundi anayejua kazi." Picha ya kalipa alitumiwa. Hakuigusa.

Haki isemwe, vyuma vyao ni vizuri. Flaiwili imechongwa sawa, meno yake yanakutana na stata bila kelele. Bolti walizoweka ni ndefu, na hapo wamefikiria, maana bolti za otomatiki ni fupi: sahani inayokaa mahali pa flaiwili ni nyembamba, ukizirudisha kwenye flaiwili zinashika nyuzi chache tu. Beringi ya krenki imeingia kwa kugongwa polepole, haichezi. Hapa nilikaribia kuongeza nyota ya tatu.

Dawa yenyewe ni shimu ya chuma ya milimita 8.5 nyuma ya beringi, ibaki nafasi ya 4.5. Bolti za kushikia beringi nazo ziongezwe urefu huo huo, la sivyo utazifunga kwa nyuzi mbili. Kisha weka bolti ya kuzuia pedali isipite pale klachi inapoachia. 4.5 na 10.7 jumla ni 15.2, pistoni haifiki mwisho.

Na baada ya hapo, inaudhi kusema, klachi hii ni tamu. Pedali laini, rivasi inaingia bila kukwaruza. Mwenye kalipa na anunue, nyota nne.

Hapana. Mbili. Karatasi kwenye boksi bado ni ile ile.